Ganzi ya miguu baada ya tibakemikali: je, niendelee na vidonge vya vitamini B?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nilimaliza tibakemikali ya saratani ya utumbo mpana miezi mitatu iliyopita, na miongoni mwa dawa nilizotundikiwa ilikuwamo oksaliplatini. Wakati wa matibabu vidole vilinichoma kama sindano kila nilipogusa kitu cha baridi, nami nikaamini kwamba adha hiyo ingekwisha pamoja na dripu ya mwisho. Badala yake ganzi imezidi. Nikitembea pekupeku nahisi kana kwamba nimevaa soksi nene, usiku nyayo zinawaka moto, na kufunga vifungo vya shati sasa ni kazi ya macho, kwa kuwa vidole havina habari. Juzi ndala ilinivuka, nikapiga hatua kadhaa nisijue.

Rafiki zangu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniletea kopo la vidonge vya neva. Nameza kidonge kimoja kutoka kila kopo, asubuhi na jioni, na hii ni wiki ya saba. Sijaona nafuu. Je, niongeze kipimo, au nibadilishe aina?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, ndugu yangu. Tuanze na hilo la kuzidi baada ya kumaliza matibabu, maana huwatia watu hofu kubwa. Dawa za jamii ya platini, kama hiyo oksaliplatini yako, zinaweza kuendelea kuumiza neva kwa miezi kadhaa baada ya kusimamishwa, kisha wengi hupata nafuu taratibu, ingawa kuna ambao ganzi huwabakia. Hata hivyo mweleze daktari wako, usikae nalo kimya.

Kuhusu vidonge, usiongeze hata kimoja kabla hujasoma maandishi ya nyuma ya makopo hayo. Tafuta B6, ambayo pengine imeandikwa piridoksini, uone ni miligramu ngapi. Vitamini hii ikizidi mwilini huharibu neva zilezile tunazotaka kuziponya, na dalili zake ni ganzi na kuwaka moto kunakoanzia miguuni, yaani hayohayo unayoyaeleza. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. Marekani kikomo ni 100. Vidonge vingi vya neva huvuka vikomo vyote viwili, na anayeongeza dozi kwa sababu haoni nafuu huenda anachochea moto anaotaka kuuzima.

Shukurani

Mimi nilitibiwa saratani ya titi kwa paklitakseli. Miguu ilipokufa ganzi, kila mtu, mimi nikiwamo, aliilaumu tibakemikali. Daktari mmoja akauliza ni miaka mingapi nimetumia metformini kwa ajili ya kisukari, kwa kuwa dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, akaagiza kipimo cha damu, na B12 ikaonekana iko chini sana. Nilichomwa sindano za B12, na baada ya miezi kadhaa ule moto wa usiku ukapungua, ijapokuwa ncha za vidole vya miguu bado hazijarudi. Mimi vitamini ilinifaa kwa sababu niliipungukiwa. Ukienda kupima, sema kwamba tayari unameza vidonge, kwa kuwa vinaweza kupandisha majibu na kuficha upungufu.

Mpita Njia

Mbona hakuna anayetaja kile kirutubisho cha vidonge, asetili-L-kanitini? Nimesikia inasifiwa sana kwa neva.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu Mpita Njia, hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wanawake waliokuwa wakipata dawa za kundi la paklitakseli walipewa asetili-L-kanitini au kidonge kisicho na dawa, na kufikia wiki ya 24 walioimeza ndio waliokuwa na ganzi mbaya zaidi. Mwongozo wa mwaka 2020 wa ASCO, jumuiya ya madaktari wa saratani yenye makao yake Marekani, unasema isitumiwe kuzuia tatizo hili. Dawa pekee ambayo mwongozo huo unaipendekeza neva zinapouma ni duloksetini, ya kuandikiwa na daktari, na hata hiyo nafuu yake ni ya kadiri.

Mwanzisha uzi, wakati ukisubiri, kagua nyayo zako kila usiku, pima joto la maji kwa kiwiko badala ya mguu, na weka ndala kando: vaa viatu vinavyoshika kisigino.

Mwanzisha uzi

Nimesoma makopo kwa miwani. Moja lina miligramu 100 za B6 katika kila kidonge, la pili 50. Kwa hiyo nimekuwa nikimeza 300 kwa siku. Hakuna aliyeniuliza kliniki, nami sikusema, kwa kuwa sikuzihesabu kuwa dawa. Nimeacha kuanzia leo. Makopo yote mawili nimeyatia kwenye mfuko wa kadi zangu za kliniki ili daktari ayasome mwenyewe, na nitaomba kipimo cha B12.