Magofu ya mashamba ya miwa St. John: unajuaje pa kutafuta?

RamaniZaKale:
Salaam wakuu. Kikundi chetu cha matembezi kinaelekea St. John, Visiwa vya Virgin vya Marekani, mwezi wa tatu. Magofu ya shamba la Annaberg na kiwanda cha sukari cha Reef Bay yana vibao na njia safi, hivyo hayatupi tabu. Tunachotaka ni mashamba yaliyomezwa na pori: vinu vya wanyama, nyumba za kuchemshia juisi ya miwa, na hasa makazi ya watumwa. Mtu anajuaje pa kutafuta kabla ya kuingia msituni? Akishafika, anatofautishaje ukuta wa enzi za Wadenmark, waliokitawala kisiwa, na ukuta wa mfugaji wa baadaye? Na sheria inaruhusu nini?

Kinu_cha_Upepo:
Mkuu, nianze na sheria maana ndiyo huwanasa wageni. Zaidi ya nusu ya kisiwa ni hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa 1956. Humo ndani huruhusiwi kuwa na kifaa cha kutambulia chuma, kurusha droni, wala kuokota chochote, hata kigae kilicholala katikati ya njia. Sheria ya shirikisho ya 1979 inalinda mabaki ya maisha na kazi za watu wa kale yenye miaka 100 au zaidi, na kosa la kwanza linaweza kufikia faini ya dola 10,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Panga nalo libaki nyumbani. Kufyeka ni kosa, tena unamfungulia njia mtu atakayekuja nyuma na sururu. Angalieni pia viwanja vya watu binafsi vilivyobaki ndani ya mipaka ya hifadhi. Huko hamwingii bila ruhusa ya mwenyewe.

Kazi ya mezani sasa. Chukueni ramani ya ofisa wa Denmark Peter Oxholm, aliyeipima St. John mwaka 1780. Ina majina ya mashamba na alama za vinu. Ifungueni kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, mkailinganishe na pwani ya leo. Shikeni nukta kwenye ncha za majabali ya rasi, zisipungue 12 na zizunguke kisiwa chote. Msitumie fukwe za mchanga kwa sababu mchanga huhama. Kwenye kunyoosha ramani chagueni njia iitwayo Thin Plate Spline. Hata hivyo, kule bondeni hesabuni kosa la mita mia na zaidi. Alama ya kinu inawapa eneo la kupekua tu.

Na mkumbuke mwaka wa ramani. Kinu cha upepo cha Annaberg kilijengwa kati ya 1810 na 1830, kwa hiyo kwa Oxholm hamtakikuta. Pengo hilo mtaliziba kwa nyaraka. Hifadhi ya nyaraka ya Denmark, Rigsarkivet, iliweka mtandaoni mwaka 2017 picha zipatazo milioni 5 za kurasa kutoka makoloni yake ya Karibi, bure kwa kila mtu. Tafuteni madaftari ya kodi yaitwayo matrikel. Yanataja mwenye shamba na idadi ya watumwa, na mara nyingi yanaonyesha kama shamba ni la miwa au la pamba. Shamba la pamba halina nyumba ya kuchemshia. Watu humaliza siku nzima wakisaka tanuri mahali ambapo halikuwahi kujengwa.

BintiChokaa:
Nakazia hapo kwa yule aliye tayari msituni. Fuata mteremko. Juisi ya muwa huchacha ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa, kwa hiyo kinu, nyumba ya kuchemshia na banda la makapi vilijengwa karibu karibu, na juisi ilishuka yenyewe kwa mfereji. Ukikuta mduara mpana uliosawazishwa ubavuni mwa kilima, upande wa chini umeshikiliwa na ukuta wa mawe, hapo ndipo wanyama walipozunguka wakisukuma kinu. Usiishie hapo, shuka kidogo. Chini yake tafuta jengo refu jembamba, na ndani yake benchi la mawe lenye matundu ya duara ya kukalishia masufuria, yanayopungua ukubwa moja baada ya jingine. Annaberg yapo matano. Tundu dogo ndilo lililokaa juu ya moto mkali, na mdomo wa tanuri uko upande wa nje wa ukuta, ambako makapi makavu ya miwa yaliingizwa kama kuni. Masufuria yenyewe msiyategemee, mengi yalishaondolewa.

Kuhusu ukuta, chutama utazame kiungio, yaani kile kinachoshikamanisha mawe. Chokaa ya zamani ilichomwa kutokana na matumbawe na makombe, na ndani yake utaona chembe nyeupe na vipande vya kombe ambavyo moto haukuvimaliza. Ukuta wenyewe ni mchanganyiko: mawe ya pale pale, matofali madogo ya manjano yaliyokuja melini kama farumi (mzigo wa kutuliza meli), na kwenye pembe na fremu za milango matumbawe yaliyochongwa yangali mabichi na laini. Aliyezoea miimo ya milango kwenye magofu ya Gedi, pwani ya Kenya, hatahitaji kuelezwa, mikunjo ya tumbawe inaonekana wazi hadi leo. Saruji ya kijivu kati ya mawe ni ukarabati wa karne ya 20.

Ukuta wa mfugaji hauna kiungio, nao hupanda na kushuka kilima bila kujali usawa. Matuta ya kilimo nayo ni mawe makavu, ila hufuata usawa wa mlima, mstari juu ya mstari. Hapo ndipo wengi huchanganya.

Hatari mbili hazina mzaha. Ya kwanza ni birika la maji lililofunikwa na majani: kila penye nyumba kubwa au kiwanda palikuwa na birika, basi pimeni ardhi kwa fimbo kabla ya kukanyaga, na msipande juu ya kuta zilizoshikwa na mizizi. Ya pili ni mti wa manchineel, jirani wa fukwe, wenye matunda ya kijani yanayofanana na tofaa dogo. Utomvu wake unababua ngozi, na hata maji ya mvua yanayodondoka kwenye majani yake yanaunguza. Mvua ikinyesha msijikinge chini yake.

Mpimaji_Pwani:
Mmesahau laida, yaani upimaji wa ardhi kwa miale ya leza kutoka angani. Vipimo vya visiwa hivi vinapakuliwa bure, na kwenye ramani ya kivuli yenye azimio la mita 1 matuta na miduara ya vinu hujitokeza chini ya miti. Tengenezeni vivuli viwili, mwanga kutoka nyuzi 315 na kutoka nyuzi 45, kwa sababu tuta linalolala sambamba na mwanga hupotea.

BintiChokaa:
Ni kweli, lakini tahadhari moja, ndugu. Ramani hiyo huchorwa kwa nukta zilizochujwa na kuitwa ardhi. Mchujo huo huo hufuta ukuta mwembamba uliosimama kwa kuuhesabu kama mti. Penye shaka fungueni nukta ghafi, zisizochujwa, mkakate wasifu (mkato wa kutazama ardhi kwa ubavu) wa mita 2 kwa upana. Na nyumba za watumwa laida karibu haizioni kabisa.

Kinu_cha_Upepo:
Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Watu hupiga picha mnara wa kinu huku wamesimama juu ya kijiji bila kujua. Annaberg yametambuliwa mabaki ya nyumba 16. Zilikuwa za nguzo zilizosimikwa kwenye sakafu ya chokaa, kuta za fito zilizokandikwa udongo na chokaa, na paa la makuti au majani ya miwa. Kilichobaki ni kijukwaa kidogo kilichochimbwa kwenye mteremko, safu ya mawe upande wa chini, pengine kipande cha sakafu.

Zungukeni mteremko ulio karibu na kiwanda, hasa ardhi mbovu isiyofaa miwa, mkitembea sambamba kila mtu mita 5 toka kwa mwenzake. Tazameni chini: makombe ya kome, vipande vya chupa za kijani kizito, vigae. Chungu kilichofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa moto mdogo, chekundu au cheusi, ni kazi ya watu wenyewe wa hapo. Sahani ya Kiingereza yenye ubuluu uliojikusanya kwenye ukingo wa kitako haitangulii miaka ya 1770 mwishoni. Makombe makubwa yaliyopangwa juu ya rundo la mawe yanaweza kuwa kaburi. Hapo simameni, msikanyage, wala msitangaze mahali penyewe mtandaoni.

RamaniZaKale:
Asanteni sana wakuu. Tukikuta kitu kisichokuwa kwenye orodha ya magofu yanayojulikana, tunakirekodi vipi bila kukigusa?

Mpimaji_Pwani:
GPS ya simu chini ya miti hukosea mita 5 hadi 15, hivyo iacheni imetulia dakika tano kwenye pembe moja ya jengo, kisha pimeni pembe nyingine kwa futi kamba na dira kutoka hapo. Mfumo wa kuandikia mahali ni UTM kanda ya 20 Kaskazini. Kila kitu picha tatu: ya mbali, ya karibu yenye kipimo cha sentimita 10, na ya kiungio cha ukuta. Andikeni urefu, unene na kimo cha ukuta, na upande unaotazama. Taarifa nzima ipelekwe kwa mwanaakiolojia wa hifadhi, naye ndiye wa kumuuliza kuhusu kujitolea. Kwa anayetaka kuchimba kihalali, Society of Black Archaeologists wamekuwa wakiendesha mafunzo ya uwandani kwenye shamba la kale la Estate Little Princess, kisiwa cha jirani cha St. Croix.