Kuhusu: Kuwapeleka watoto kwenye majumba ya maduka Dubai wakati wa joto

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Tumehamia Dubai kutoka Mombasa mwezi wa Mei tukiwa na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka saba, na sasa shule zimefungwa. Nje hakukaliki, na watoto wamechoshwa na fleti. Kila ninayemuuliza ananiambia niwapeleke kwenye majumba ya maduka, lakini hatuna gari, na tulipokwenda mara ya kwanza fedha zilikwisha kabla ya adhuhuri. Naomba wazoefu mnieleze mnafanyaje.

Mama wa wawili, Al Qusais

---

Dada yetu wa Al Qusais, karibu sana.

Uliyoambiwa ni kweli. Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, hata serikali hupiga marufuku kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana, tangu Juni 15 hadi Septemba 15, kwa hiyo jumba la maduka ndilo kiwanja cha watoto wa mji huu. Maadamu ni kiwanja, nendeni kutembea na kutazama, na kununua kuwe na siku yake, ikiwezekana watoto wakiwa nyumbani. Walisheni washibe kabla ya kutoka, kwa sababu mtoto mwenye njaa akishafika penye migahawa hasikii la mtu.

Kwa watoto wa umri huo mimi ningeanza na Ibn Battuta Mall, ingawa ni mbali na kwenu. Mtapanda metro, yaani treni ya mjini, ya njia ya kijani, mbadilishe kituo cha Union muingie ya njia nyekundu. Ila mtazame vyema kibao cha treni, kwani ile ya Expo 2020 huachana na njia yenu kituo cha Jabal Ali, na mkiipanda itabidi mshuke hapo na kungoja nyingine. Jumba hilo lina kumbi sita zilizojengwa kwa sura za nchi alizozizuru Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14: Andalusia, Tunisia, Misri, Uajemi, India na China. Wangu hawabanduki penye saa kubwa ya tembo iliyoigwa kutoka mchoro wa al-Jazari, mhandisi Mwislamu wa zamani, wala penye merikebu ya Kichina, na kutazama huko hakuna tiketi. Ukumbi wa Waswahili haumo, jambo ambalo bado linanikera, ilhali Ibn Battuta alifika kwetu mwaka 1331, akalala Mombasa, akaandika kwamba chakula cha watu wake ni ndizi na samaki, kisha akausifu mji wa Kilwa kwa uzuri wake. Waelezeni watoto hayo mkiwa njiani. Mwanangu tangu ayasikie huuliza kila mara Mombasa imewekwa wapi.

Dubai Mall ni kubwa mno kwa mtoto wa miaka minne, na kutoka kituo cha metro hadi ndani kuna daraja refu la karibu mita 800, hivyo msiache kigari cha mtoto. Wengi hawajui kwamba kioo kikubwa cha hodhi la samaki, lenye maji lita milioni 10, kinaonekana bure kutoka ujiani. Tiketi ni ya kupita kwenye handaki lililo chini ya maji. Papa na samaki aina ya taa ni wale wale.

Ndani ya metro msile wala kunywa, kwani faini ni dirham 100. Kuna behewa la wanawake na watoto; baba akipanda behewa jingine, kubalianeni mapema mtashuka kituo gani. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi nauli.

Hofu yangu kubwa ni mtoto kupotea. Wafundisheni kumwendea mlinzi aliyevaa sare, na wajue majina yenu kamili, kwa sababu mtoto wa Kiswahili akiulizwa mama yake anaitwa nani hujibu, “Anaitwa Mama.” Mimi huandika namba ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mmoja, tena kwa ndani, ili jasho lisiifute.

Baba wa watatu, Deira

---

Nakubaliana na kaka wa Deira, ila naongeza machache. Bebeni sweta, kwani viyoyozi vya humo ni vikali na mtoto anaingia akiwa ametota jasho. Vyumba vya kuswalia vipo katika majumba yote makubwa, vya wanaume na vya wanawake mbalimbali, kwa hiyo adhuhuri isiwakatishe matembezi. Mashine za michezo ndizo zinazomaliza fedha: kadi yake ijazeni kiasi mlichokwisha kupanga, na salio likiisha msiongeze hata wakilia.

Bibi yao akija kutembea kutoka Mombasa, zawadi zake anunue yeye mwenyewe na pasipoti yake aionyeshe dukani wakati wa kulipa. Mgeni anayenunua vitu vya dirham 250 au zaidi katika duka lililo kwenye mpango wa kuwarudishia wageni kodi hurudishiwa sehemu kubwa ya kodi ya asilimia 5 uwanja wa ndege anapoondoka. Sisi wakazi hatumo.

Shangazi, Sharjah