Nimeitwa tena usaili wa udaktari, zimebaki wiki tatu. Nisipokariri, nishike nini?

Pili_Tena

Habarini wakuu. Huu ni mwaka wangu wa pili kuomba chuo cha udaktari. Mara ya kwanza niliandika majibu kumi na tano nikayakariri neno kwa neno. Nilipoulizwa kwa nini nataka udaktari nikatiririka vizuri tu: napenda sayansi, napenda kusaidia watu. Msaili akasema, "Muuguzi naye anayapenda hayo yote. Kwa nini usiwe muuguzi?" Hilo sikuwa nimeliandika. Nikabaki namwangalia, na maswali yote yaliyofuata niliyajibu huku bado nawaza lile moja. Sikuchaguliwa, na iliniuma sana.

Safari hii barua inasema kutakuwa na vituo vinane, kila kimoja dakika nane, na kila kituo kina msaili wake. Sijawahi kuona usaili wa namna hiyo. Maswali ya maadili ndiyo yananinyima usingizi kabisa. Naombeni mwongozo.

MwakaWaNne

Hongera kwa kuitwa, mdogo wangu. Mfumo huo niliupitia. Ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wazo lake ni kwamba jopo moja likikuona vibaya dakika za mwanzo, hata mazuri yatakayofuata litayatazama kwa jicho hilo hilo. Ndiyo maana unapita kwa watu wengi, kila mmoja na alama zake. Ukiharibu kituo cha tatu, msaili wa nne hana habari. Kwa yaliyokukuta mwaka jana, huu mfumo ni rafiki yako, ilimradi ujizoeze kuacha ya kituo kwenye kituo.

Mlangoni mara nyingi kuna karatasi ya swali na muda mfupi wa kuisoma. Itumie hata sekunde ya mwisho. Wengi huingia wakiwa wameelewa nusu ya swali, wanajibu lingine kabisa.

Muuguzi_11

Dada, hilo swali la muuguzi limenigusa kwa sababu mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja kazini. Watu hulijibu kana kwamba uuguzi ni ngazi ya chini ya kufikia udaktari. Usifanye hivyo, si kweli na wasaili huona upesi. Sisi ndio tunaokaa na mgonjwa usiku kucha na kugundua kwanza kwamba leo anapumua tofauti na jana. Daktari anabeba mzigo mwingine: kukusanya dalili, kutaja ugonjwa, kuamua tiba, na kuwajibika uamuzi ukiwa na makosa. Jiulize kwa ukweli ni mzigo upi unaokuvuta, na ni tukio gani ulilolishuhudia likakuonyesha hivyo. Tukio moja, ulisimulie polepole. Ukilipata hutahitaji kulikariri, kwa kuwa ulikuwepo.

Kalamu_Nyeusi

Mimi nasema kariri, ila uwe na majibu mengi zaidi. Niliingia chuo hivyo hivyo.

MwakaWaNne

Ndugu Kalamu, huyu alikariri kumi na tano akaulizwa la kumi na sita. Hata akiwa na mia, yupo msaili mwenye la mia na moja.

Daktari_Mzee

Nimewahi kukaa upande wa wasaili, kwa hiyo nitasema juu ya maadili. Chukua mfano: mtu mzima mguu wake umeoza, asipokatwa huenda akafa, naye anakataa. Utafanyaje? Vijana wengi hukimbilia upande mmoja. Ama "ni haki yake, nitamwacha", ama "nitamshawishi mpaka akubali". Wengine wanaimba misingi minne, yaani uhuru wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru na haki kwa wote, halafu wanakaa kimya kama wamemaliza.

Ninayempa alama ni yule anayeanza kuuliza. Je, ameelezwa kwa lugha anayoielewa? Homa au dawa zimemchanganya akili? Anaogopa nini hasa: maumivu, kuwa mzigo kwa wanawe, kupoteza kazi? Kuna mtu anayemshinikiza? Baada ya hapo, kama ana akili timamu, ameelewa, na bado anakataa, uamuzi ni wake, nawe unaendelea kumtunza, kumpunguzia maumivu na kumwachia mlango wazi abadili mawazo. Kiapo cha madaktari kiitwacho Azimio la Geneva ni cha mwaka 1948, lakini ahadi ya kuheshimu uhuru na hadhi ya mgonjwa iliongezwa 2017. Ona ilivyochukua muda hata kwetu sisi wenyewe. Marekebisho hayo hayo yalimtaka daktari atunze na afya yake mwenyewe, kumbuka hilo ukiulizwa utastahimili vipi uchovu wa kazi.

Tena, msaili akikupinga usidhani umekosea. Anataka kuona kama unasikia.

Pili_Tena

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimeambiwa pia kuna kituo cha mwigizaji. Hicho kikoje?

Muuguzi_11

Unaweza kuambiwa umemwagia maji kompyuta ya rafiki yako yenye kazi yake ya mwaka mzima, ingia umwambie; mwigizaji ndiye atakuwa rafiki huyo. Mwambie mapema, kwa maneno mepesi, halafu nyamaza. Atalia au atafoka. Mwache. Kosa ni kujitetea, au kumwambia atulie. Ule ukimya utakuogopesha, nami bado naujua uzito wake kila ninapokaa na ndugu wa mgonjwa. Mtafute mtu akufanyie zoezi hili ana kwa ana, kwa kioo haliwezekani.

Pili_Tena

Jana usiku nimefanya na kaka yangu, saa ikiwa mezani. Swali la mguu niliishiwa maneno dakika ya tatu. Akanipinga, nikaanza kukasirika, kisha nikamuuliza kwa nini anaona hivyo, na tukafika dakika ya nane bila kujua. Leo tunarudia, na yeye ndiye atachagua swali.