Naomba ushauri: "kumbukumbu" ni dhana moja au nyingi?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naandika tasnifu ya uzamili katika falsafa ya sayansi, nimekwama kwenye sura ya pili.

Nachunguza jinsi wanasayansi wanavyolitumia neno kumbukumbu. Kisa ninachokitegemea ni cha Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Baada ya hapo hakuweza kushika matukio mapya. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kulifanya. Sisi tungesema mkono umezoea, hatusemi unakumbuka. Wanasayansi wakaiita kumbukumbu. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Endel Tulving akatenganisha kumbukumbu ya matukio (yale yaliyompata mtu) na ile ya maarifa (yale anayoyajua tu). Mwanasayansi wa ubongo Eric Kandel naye aliitafuta kumbukumbu kwa konokono wa baharini!

Nilianza na fasili ya kamusi, msimamizi akaikataa. Nikajaribu kusema dhana ni kile kinachopimwa na jaribio, lakini kila kipimo kikazaa dhana yake, na hilo silikubali.

Naomba mnisaidie mawili. Je, nianze na kazi ambayo dhana inafanya ndani ya utafiti, au na maana ya kawaida ya neno? Na je, kisa cha Molaison kinatosha, au nitafute kingine cha kulinganisha?