Wana-Kibirizi, Mtaa Wetu

Mama Zuhura, 06:12
Shikamooni wakubwa. Nani kaurekodi ule mfereji wa mwaloni? Mteja wangu wa Dar kanipigia alfajiri, eti magunia manne ya dagaa nisipakie kwanza, "huko kwenu kuna kipindupindu".

Neema, 06:15
Shikamoo mama. Mimi hiyo klipu nimeiona kwenye kikundi cha harusi ya binamu yangu Tabora 😳 Wameibandika na maandishi mekundu.

Rama, 06:21
Shikamoo mama. Ni mimi, ila maandishi si yangu wallahi. Nilirusha humu tu ili Mjumbe aone. Mfereji umeziba wiki ya pili sasa.

Mama Zuhura, 06:22
Humu tuko watu 140. "Humu tu" ndiyo ipi?

Baba Salumu, 06:30
Ndiyo maana nasema ya nyumbani yaishie nyumbani. Futa hiyo klipu.

Nesi Mwajuma, 06:34
Ukifuta, huko iliko imeshafika. Semeni ukweli: zahanati hatujapokea mgonjwa wa kipindupindu. Kuhara kupo, kama kila masika. Na kipindupindu kinapita kwenye maji na chakula kilichoingia kinyesi. Dagaa aliyekaushwa vizuri juani, akapikwa mpaka kuiva, ana kosa gani?

Mzee Hamisi, 06:51
Wanangu, kipindupindu chenyewe tulikiona 2015. Wakimbizi wa Burundi walijazana kijijini Kagunga, mlima huku, ziwa huku. Meli ya Liemba inasimama majini, watu wanaifuata kwa mitumbwi. Wakiletwa hapa Kigoma mjini wanapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi ya kambi ya Nyarugusu. Ugonjwa ulitangazwa wazi, hakuna aliyeficha. Bibi yenu alimpa mama mmoja kanga pale uwanjani. Mpaka leo kila Idi anapiga simu, na haongei na mimi, anamtaka bibi 😄

Neema, 06:53
Marahaba za asubuhi babu, nimecheka! Yaani shikamoo 🙈

Mjumbe, 07:05
Salaam. Wenye gari la taka wameniambia "Jumatatu", na Jumatatu hiyo ni ya tatu sasa. Hatusubiri. Kila muuza chipsi na mama lishe aweke ndoo ya maji tiririka na sabuni, leo hii. Mfereji tunazibua kesho saa 12 asubuhi. Asiyefika, elfu tano.

Baba Salumu, 07:07
Elfu tano iko sheria gani?

Mjumbe, 07:08
Iko kwenye muhtasari wa kikao ambacho hukuja.

Rama, 07:08
😂😂😂

Neema, 07:10
Rama, kesho urekodi sasa mfereji ukiwa safi.

Mama Zuhura, 07:12
Thubutu! Kesho Rama anashika koleo. Nitarekodi mimi, nianzie mfereji, niishie kwenye vichanja vyangu, nimtumie yule bwana wa Dar. Neema mwanangu, pitia kwangu jioni, klipu zangu zote zinatoka na kidole.