Mjadala: Je, historia ya Kfar Etzion inatosha kuhalalisha makazi yake ya leo?

Mleta mada

Tunapojadili Ukingo wa Magharibi, makazi ya walowezi wa Kiisraeli huzungumzwa kwa jumla, kana kwamba yote yalizaliwa siku moja na kwa sababu moja. Napendekeza tuchukue sehemu moja tu, Kfar Etzion, kibutsi (kijiji cha Kiyahudi cha ujamaa) chenye wakazi wapatao elfu moja katika vilima vilivyo kati ya Bethlehemu na Hebroni. Nimeichagua kwa makusudi, maana wanaotetea makazi hayo hawana hoja yenye nguvu kuliko hii. Utetezi ukishindwa hapo, sioni utasimama wapi pengine.

Wayahudi walijaribu kukaa eneo hilo mara tatu kabla ya dola ya Israeli kuundwa. Mwaka 1927 kikundi cha Wayahudi washika dini, wakiwamo wenye asili ya Yemen, kilianzisha Migdal Eder, lakini machafuko ya 1929 yakakifuta kijiji hicho. Wakazi wake walihifadhiwa na Waarabu wa kijiji jirani cha Beit Ummar, jambo ambalo wasimulizi wa pande zote mbili hulipitia haraka mno. Miaka michache baadaye Shmuel Holtzmann alinunua ardhi na kuanza upya; safari hii uasi wa Waarabu ulioanza 1936 ndio uliokatiza kazi. Mwaka 1943, vijana wa Kiyahudi wa kidini waliotoka Poland waliweka kibutsi kwenye ardhi iliyonunuliwa na Mfuko wa Taifa wa Wayahudi, na kufikia 1947 vibutsi vingine vitatu vilikuwa vimesimama karibu yake: Massu'ot Yitzhak, Ein Tzurim na Revadim.

Azimio namba 181 la Umoja wa Mataifa, la Novemba 1947, liliigawa Palestina na kuliacha eneo hili lote ndani ya dola ya Kiarabu iliyokusudiwa. Vibutsi hivyo vinne vikajikuta vimezingirwa, karibu na barabara ya Yerusalemu na Hebroni ambayo kila upande ulitaka kuitawala. Kikosi cha wapiganaji 35 kilichotumwa kwa miguu mwezi Januari 1948 kupeleka msaada kiliuawa chote njiani. Tarehe 13 Mei 1948, siku moja kabla ya David Ben-Gurion kutangaza kuundwa kwa Israeli, Kfar Etzion ilianguka mikononi mwa jeshi la Transjordan, yaani Jordan ya leo, na wanamgambo wa vijiji vya jirani, na watu waliokwisha kujisalimisha wakapigwa risasi. Waliokufa walizidi 120, na walionusurika kati ya waliokuwapo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Washambuliaji walikuwa wakilitaja jina la Deir Yassin, kijiji cha Kiarabu ambako wapiganaji wa Irgun na Lehi, makundi ya Kiyahudi yenye silaha, walikuwa wameua wanakijiji wapatao 100 tarehe 9 Aprili. Vibutsi vitatu vilivyosalia vilisalimu amri, na watu wake wakachukuliwa mateka hadi Jordan.

Watoto wa Kfar Etzion walikuwa wameondolewa kabla ya mapigano ya mwisho. Mmoja wao, Hanan Porat, alikuwa kijana wa miaka 23 wakati Israeli ilipoutwaa Ukingo wa Magharibi katika vita vya Juni 1967, na ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kumshawishi Waziri Mkuu Levi Eshkol awaruhusu warudi. Walirudi tarehe 27 Septemba 1967, na Kfar Etzion ikawa makazi ya kwanza ya Kiisraeli katika Ukingo wa Magharibi.

Siku tisa kabla ya hapo, mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Israeli, Theodor Meron, alikuwa ameandika waraka wa siri uliosema wazi kwamba kuweka raia katika maeneo yaliyotwaliwa kunapingana na Mkataba wa Nne wa Geneva, unaolinda raia wakati wa vita. Serikali haikuupinga hadharani. Ilichofanya ni kuyaeleza makazi hayo mapya kuwa kituo cha Nahal, kikosi cha jeshi kinachochanganya uaskari na kilimo, ingawa waliokwenda kuishi huko walikuwa raia. Mwanasheria huyo ndiye yule yule ambaye miaka mingi baadaye alikaa kwenye kitengo cha rufani cha mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa na makao Arusha, kwa hiyo asidhaniwe kuwa ni mtu wa pembeni katika sheria ya vita.

Je, mtu aliyefukuzwa kwa damu ana haki ya kurudi, hata kama anarudi nyuma ya vifaru vya jeshi linalokalia nchi ya wengine? Msimamo wangu ni kwamba hana haki ya kurudi kwa namna hiyo. Naomba kupingwa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, historia umeieleza kwa haki, lakini hitimisho lako halitoki humo. Ardhi hiyo ilinunuliwa, na wala haikuporwa. Jordan iliyoishikilia kuanzia 1948 iliutwaa Ukingo wa Magharibi kwa vita vile vile, na hatua yake ya 1950 ya kuuunganisha na ufalme wake ilitambuliwa na mataifa machache sana, Uingereza ikiwa mojawapo. Sasa kwa nini miaka 19 ya utawala huo ifute umilki uliotangulia?

Pia, unapoutaja waraka wa Meron, utaje wote. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kwa eneo la Etzion hoja ingeweza kusaidiwa kwa kiasi fulani kwa kusema kuwa hawa ni watu wanaorudi makwao. Ibara ya 49 ya Mkataba wa Geneva, inayokataza dola kuhamishia raia wake katika nchi inayoikalia, iliandikwa baada ya dola iliyovamia kuhamishia watu wake kwenye mashamba ya wengine. Kumweka kijana anayerudi kwenye kaburi la baba yake katika fungu moja na hao ni kuinyoosha sheria kupita kiasi. Na ndiyo maana hata mapendekezo ya amani yaliyoandikwa na Waisraeli na Wapalestina pamoja, yale ya Geneva ya 2003, yaliiacha Kfar Etzion upande wa Israeli kwa kubadilishana ardhi.

Mchangiaji wa pili

Naomba nitenganishe mambo mawili mnayoyachanganya. Hati ya shamba ni jambo moja, na mamlaka ya dola juu ya shamba hilo ni jambo jingine. Raia wa Uganda akinunua kiwanja Mombasa, hawezi kupandisha bendera ya Kampala juu ya paa lake. Mfuko wa Taifa wa Wayahudi ungeweza kudai ardhi yake au fidia yake, na hilo ningeliunga mkono bila kusita, lakini madai hayo hayaleti jeshi, sheria za Israeli, wala vijiji vipya kwenye vilima ambavyo havikuwahi kununuliwa.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango yote miwili. Ni kweli kwamba Meron aliacha mwanya huo mdogo, na mchangiaji wa kwanza ana haki ya kuutumia. Lakini mwanya huo unawahusu watu wachache na mahali pamoja, na matukio yaliyofuata yanaonyesha haukutumiwa hivyo. Rosh Tzurim ilijengwa 1969 na Alon Shvut 1970. Mwaka 1974, Gush Emunim, vuguvugu la kidini la kueneza makazi ya Kiyahudi, lilizinduliwa papo hapo Kfar Etzion, Hanan Porat akiwa miongoni mwa viongozi wake, na likaenda kuweka walowezi sehemu kama Ofra, ambako hakuna aliyeweza kudai kuwa anarudi kwa wazazi wake. Wapalestina wa Khirbet Beit Zakariyya leo wamebanwa kati ya Alon Shvut na Rosh Tzurim, nao hawakuwahi kuulizwa lolote. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya Julai 2024, haikuona sababu ya kulitenga eneo lolote na kauli yake kwamba makazi haya ni kinyume cha sheria.

Kuhusu mapendekezo ya 2003, kubadilishana ardhi kwa mapatano ni jambo ninaloweza kuliafiki, kwa sababu hapo mwenye ardhi ameulizwa na amelipwa ardhi. Mwaka 1967 hakuna aliyeulizwa.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba haki hii inatolewa kwa upande mmoja. Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makazi katika vita vya 1948. Sheria ya Mali ya Wasiokuwapo ya 1950 ilihamisha nyumba na mashamba yao mikononi mwa dola ya Israeli, wakati sheria ya 1970 iliwafungulia Wayahudi njia ya kudai mali waliyoiacha Yerusalemu Mashariki, na familia za Kipalestina za Sheikh Jarrah, mtaa wa huko, zinaendelea kukabiliwa na kesi zinazotokana na sheria hiyo. Anayetetea Kfar Etzion kwa hati za kabla ya 1948 atuambie hati za Wapalestina wa Talbiya na Katamon, mitaa ya Yerusalemu Magharibi, zina thamani gani kwake.