Kikundi cha Wakazi: Kadi za Geti

Mwenyekiti: Ndugu wakazi, habari za jioni. Mpangaji aliyehama alimkabidhi katibu kadi yake, nayo ikafungiwa kabatini. Hata hivyo, kumbukumbu za mashine zinaonyesha kwamba namba ya kadi hiyo ilifungua geti usiku wa Jumamosi.

Mama Neema (3A): Itafunguaje geti ikiwa kabatini?

Baba Imani (4B): Shikamoo Mwenyekiti. Iliyofungua ni nakala. Kadi zetu ni za mawimbi ya redio ya kilohezi 125, ambazo hazina betri wala siri yoyote: zikipata umeme kutoka kwenye mashine ya geti hutaja namba zao, na zitaitaja vivyo hivyo kwa kifaa chochote kitakachozisogelea. Fundi wa kuchonga funguo mwenye mashine ndogo ya kunakilia huiandika namba hiyo kwenye kadi tupu kwa sekunde chache, na geti letu haliwezi kuitofautisha na kadi halisi.

Mwenyekiti: Marahaba, Baba Imani.

Mama Neema (3A): Nimeiweka kadi yangu nyuma ya simu, ile ile inayosoma kadi yangu ya benki, na simu haikuonyesha chochote.

Baba Imani (4B): Ni kwa sababu simu husoma kadi za megahezi 13.56 tu. Isikupe faraja, Mama Neema.

Bibi (1A): Wanangu, ina maana mtu anaweza kuiiba namba hiyo nikiwa nimebanana na watu kwenye daladala?

Baba Imani (4B): Inawezekana, Bibi, lakini kwa vifaa vya kawaida ni lazima akusogelee kwa sentimita chache. Mimi nina wasiwasi zaidi na kadi tunazowaazima mafundi kutwa nzima.

Mwenyekiti: Mkandarasi anapendekeza kadi za MIFARE Classic, akidai kwamba hazinakiliki. Kila nyumba italazimika kuchangia.

Baba Imani (4B): Dai hilo si kweli, Mwenyekiti. Kadi hizo ziliingia sokoni mwaka 1994 na hutumia ufunguo wa siri wa biti 48 tu. Desemba 2007 watafiti wawili, Karsten Nohl na Henryk Plötz, walieleza mjini Berlin jinsi walivyoipiga picha chipu yake kwa hadubini, tabaka baada ya tabaka, hadi wakaanza kuufahamu mfumo wake wa siri. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walikamilisha uchambuzi huo. Kampuni ya NXP, inayotengeneza chipu hiyo, ilikwenda mahakamani kuwazuia wasiuchapishe, ikashindwa. Hata mwaka 2024 watafiti wengine walionyesha kwamba vitasa vya hoteli vya Saflok, ambavyo viko kwenye milango zaidi ya milioni 3, vingeweza kufunguliwa kwa kadi za kughushi za aina hiyo hiyo.

Mama Neema (3A): Basi tununue zipi?

Baba Imani (4B): Kadi za aina ya DESFire za matoleo ya karibuni, yaani EV2 au EV3, zinazotumia AES, njia ya kuficha data kwa ufunguo wa siri. Tatizo ni kwamba wafungaji wengi, kwa kukwepa kazi, huiacha mashine isome namba ya utambulisho tu bila kuidai kadi ithibitishe ufunguo wake wa siri. Hapo tutakuwa tumelipia kadi ya gharama ifanye kazi ya hii ya sasa.

Katibu: Namba ya mpangaji yule nimeifuta leo, kwa hiyo nakala yake haifungui tena. Je, kwa hizo mpya tutajuaje kama mashine inaudai ufunguo wa siri?

Baba Imani (4B): Kabla ya kulipa, mkandarasi afunge mashine moja ya majaribio. Nitainakili namba ya kadi yake kwenye kadi tupu mbele ya kamati. Mlango ukifunguka, arudi na mzigo wake.

Katibu: Nimempigia. Atakuja Jumamosi saa 4 asubuhi, ingawa ameuliza mara mbili kama jaribio hilo ni la lazima.

Mwenyekiti: Mjibu kwamba ni la lazima.